Gari Lenu la Mwaka Gani?

Ukipiga simu hotelini Dar au Mombasa kuomba chumba, utaulizwa mko wangapi, mnakuja lini na mtalipaje. Huku Arizona, ukipiga simu kwenye baadhi ya viwanja vya kifahari vya magari-nyumba, swali la kwanza ni jingine kabisa: "Gari lenu la mwaka gani?" Ukitaja mwaka wasioutaka, maongezi yameishia hapo. Hela unayo, adabu unayo, lakini getini hupiti.

Mpenzi msomaji, tuelewane kwanza. Gari-nyumba ni gari kubwa, mengine yana urefu wa basi la mikoani, ambalo ndani lina kitanda, jiko, friji, choo na bafu. Wamarekani hulifupisha kwa kuliita RV. Unaendesha nyumba yako mpaka unakokwenda, unapaki, unachomeka umeme, unaunga mpira wa maji na bomba la majitaka, unavuta turubai la kivuli, kazi imekwisha. Kwa wapenzi wanaopenda kutembea ni raha ile mbaya. Hakuna kufungasha mabegi kila asubuhi, hakuna kujiuliza mashuka haya kayalalia nani jana, na chai unakunywa kwa kikombe chako mwenyewe.

Mimi na mume wangu tunaishi Phoenix. Mimi ni nesi, yeye ni mtu wa kompyuta. Gari-nyumba letu ni la mwaka 1999, lina urefu wa futi 27, yaani mita 8 na ushee. Tulilinunua mkononi mwa mtu kwa pesa taslimu, hatudaiwi na benki yoyote. Halina makeke, lakini asubuhi linawaka bila kubembelezwa, paa halivuji, na mapazia nimeshona mwenyewe kwa kitenge. Kwa hesabu ya wenye viwanja, hata hivyo, hicho ni kikongwe.

SHERIA YA MIAKA KUMI

Wenyewe wanaiita sheria ya miaka kumi. Si sheria ya serikali. Ni utaratibu ambao wenye viwanja binafsi wamejiwekea: gari likizidi miaka 10 tangu litengenezwe, halilali hapo. Wengine wanaweka 15. Wengine hawawabani wanaolala siku mbili tatu, wanawabana wanaotaka kukaa mwezi au msimu mzima. Na wapo wanaosema, "Tutumieni picha kwanza," wakiona gari limetunzwa wanalegeza kamba.

Kwetu sisi wa Afrika Mashariki jambo hili si geni kiasi hicho. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika likiwa limezidi miaka 8, na Bongo kila aliyeagiza gari Japani anaijua kodi ya uchakavu inavyouma. Tofauti ni kwamba kule unabanwa bandarini mara moja tu. Huku unaweza kubanwa kila unapotafuta mahali pa kulala.

Tuwe wakweli, wenye viwanja nao wana sababu zao. Gari bovu likizimika kwenye nafasi ya kupaki, kulivuta ni gharama, na wapo waliotelekeza magari wakatoweka. Injini inayovuja oili inaharibu sakafu. Mtu akikaa miezi sita kwenye gari lenye turubai la buluu juu ya paa, majirani waliolipa pesa ndefu wanalalamika. Viwanja vingine vinauza kabisa vipande vya ardhi, na muuzaji anataka mteja akiingia aone magari yanang'aa. Mali ni yao, na kuchagua magari wanaruhusiwa.

Ila umri na matunzo ni vitu viwili. Mfano mzuri ni magari-nyumba ya GMC yaliyotengenezwa Michigan kati ya 1973 na 1978. Yana umbo la chini, linaloteleza, na yanavutwa na magurudumu ya mbele. Hadi leo yapo mengi barabarani, wenye nayo wanayapenda kama watoto, na wana vyama vyao vya kukutana na kubadilishana spea na mafundi. Ukiliweka moja karibu na gari la miaka minne ambalo mwenyewe hajawahi kupanda kuangalia paa, utajua lipi la kuogopwa. Kwa kalenda, la miaka minne linapita na la GMC linabaki nje.

MKOPO UNAOISHI KULIKO RUHUSA

Mwaka jana wazo liliingia nyumbani kwetu. Mume wangu alikuwa amechoka kuulizwa mwaka wa gari. Mwanaume akikataliwa getini, hata kwa simu, kuna kitu kinamchoma ambacho hatakisema. Jioni moja akaja na karatasi za benki. Tuuze la kwetu, tuchukue jipya kwa mkopo, biashara iishe.

Tukakaa mezani na kalamu. Mikopo ya magari-nyumba huku huenda miaka 10, 15, hata 20, kwa sababu ukiigawa kwa muda mrefu malipo ya mwezi yanaonekana madogo. Ule tuliopewa ulikuwa wa miaka 15. Nikamuuliza, "Baba, mkopo ni wa miaka 15, na sheria yao ni ya miaka 10. Ile mitano ya mwisho tutakuwa tunalipia gari ambalo getini halipiti?" Akanyamaza. Kisha akacheka, akazikunja zile karatasi.

Nawaandikia wapenzi wanaoanza maisha, maana huo mtego hauko kwenye magari-nyumba peke yake. Kuna vitu vingi vinanunuliwa ili mtu wa getini atuone wa maana, na yeye ana kalenda yake inayokwenda mbele kila Januari. Gari jipya thamani yake inaanza kushuka siku unayolitoa dukani. Kama mnalitaka kwa raha zenu na mfuko unaruhusu, nunueni, Mungu awabariki. Kama ni kwa ajili ya geti, tafuteni geti jingine.

MZEE WETU

Sasa nije kwenye rali. Usifikirie Safari Rally, hakuna vumbi wala saa ya kupima mwendo. Rali ya magari-nyumba ni watu kukutana uwanja mmoja, kupaki pamoja, kupika, kupiga stori na kufundishana ufundi. Chama kikubwa cha wenye magari haya, FMCA, kilizaliwa hivyo. Julai 20, 1963 familia 26 zilikusanyika kwenye eneo la shule moja huko Hinckley, jimbo la Maine, kutazama kupatwa kwa jua. Wengi walikuja na mabasi waliyoyageuza nyumba kwa mikono yao. Rali, kwa asili, ni mambo ya magari ya kuungaunga.

Ya kwetu ni ndogo, familia nne tu za Waswahili, kila Januari. Kuna sisi, kuna dada mmoja wa Mombasa na mumewe, kuna vijana wawili wa Bujumbura waliooana juzijuzi, na kuna Mzee na mama yetu. Hawa ni watu wa Uvira, wamekaa miaka mingi kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kuletwa Marekani. Mzee aliendesha malori huku mpaka akastaafu. Gari-nyumba lake ni la mwaka 1991. Wiki yetu ya kwanza Phoenix, tukiwa hatumjui mtu, ndiye aliyetufuata uwanja wa ndege na kutulaza kwake.

Safari iliyopita wale vijana walipendekeza uwanja mzuri kwelikweli, una bwawa la kuogelea, maji ya moto ya kujichovya na nyasi za kijani. Tukapiga simu. Miaka 10, hakuna mjadala wa picha. Kwa la kwetu tungeweza kukodi jingine kwa wikiendi. Mzee, kwa pensheni yake, asingeweza, na wala asingekubali tumlipie. Tulipomweleza akasema kwa upole, "Mwende tu, wanangu. Sisi wazee tutabaki nyumbani, mtatuletea picha."

Anayejua heshima ya wazee wetu anajua maana ya maneno yale. Mzee akikuambia "mwende tu", anakupima. Usiku ule kundi letu la WhatsApp lilikuwa kimya, kila mtu anasubiri mwenzake aanze. Dada wa Mombasa ndiye aliyeandika: "Bwawa la kuogelea hata mtaani kwetu lipo. Mzee yuko mmoja." Ikawa basi. Tukaanza kutafuta uwanja upya, safari hii tukianzia na gari la 1991.

MILANGO ILIYO WAZI

Habari njema ni kwamba viwanja vya umma kwa kawaida havina habari na mwaka wa gari. Hifadhi za taifa, hifadhi za majimbo, misitu ya serikali, wote kinachowahusu ni urefu. Pale Grand Canyon, kambi ya Mather haipokei kinachozidi futi 30. Gari jipya la futi 40 linarudishwa, kizee chetu cha futi 27 kinaingia kimejinyoosha. Karibu na Phoenix kuna hifadhi ya jimbo ya Lost Dutchman, chini ya milima ya Superstition. Jioni jua likiipiga ile milima inageuka rangi ya kaa la moto, na kuna nafasi zenye umeme.

Mlango mwingine ni viwanja vya maonyesho ya wilaya na majimbo. Vifikirie kama viwanja vyetu vya Nane Nane. Wiki chache kwa mwaka vimejaa ng'ombe na mahindi, muda uliobaki vina nafasi. Vingi vina soketi za umeme, sehemu ya kumwaga majitaka na kumbi za kukutania. Ndiyo maana rali kubwa nazo hupenda kwenda huko, kama kwenye uwanja wa maonyesho wa jimbo la Georgia ulioko Perry.

Na kuna jangwa. Sisi tulichagua jangwa.

QUARTZSITE

Ukitoka Phoenix kwa barabara kuu namba 10 kuelekea magharibi, baada ya kilomita kama 200 unafika Quartzsite, mji mdogo usiofika mbali na mpaka wa California. Sensa ya 2020 ilikuta watu 2,413 tu. Kiangazi joto linapita nyuzi 40, hata mijusi inatafuta kivuli. Lakini Januari mchana ni nyuzi 19 hivi, na wastaafu kutoka majimbo ya barafu na Kanada hushuka kwa maelfu na magari yao. Ukiangalia kutoka mlimani usiku, zile taa utadhani umefika Kariakoo.

Ardhi kubwa inayouzunguka mji ni ya serikali, chini ya idara iitwayo BLM. Kuna maeneo ya kukaa bure hadi siku 14 ndani ya siku 28. Kuna pia La Posa, eneo la wakaaji wa muda mrefu, ambapo unalipia kibali na unaruhusiwa kukaa kati ya Septemba 15 na Aprili 15. Kwa miaka mingi kibali cha msimu kilikuwa dola 180 na cha siku 14 dola 40, ila ulizia bei ya sasa kabla hujatoka nyumbani. La Posa ina maji na mahali pa kumwaga majitaka. Umeme ni wako mwenyewe, wa jua au jenereta. Majitaka kumwaga chini ni marufuku, gari lazima liwe na matangi yake. Mwaka wa gari hakuna aliyetuuliza.

Tulipaki magari manne kwa umbo la herufi U, uwazi ukitazama mashariki. Kulia kwetu palikuwa na basi la zamani lililopakwa rangi ya samawati, kushoto gari jipya lenye kioo cha mbele kama cha benki. Wenyewe wote walikuja kutusalimia. Mama yetu wa Uvira akasonga ugali juu ya moto wa kuni, dada wa Mombasa akatoa samaki wa kupaka, na Mzee akawa daktari wa magari ya mtaa mzima. Yule jirani wa gari jipya ngazi yake ya umeme ilikataa kurudi ndani, na aliyeitengeneza ni mwenye gari la 1991.

Siku ya pili tulikwenda makaburini. Hapo Quartzsite kuna kaburi lenye piramidi ya mawe na sanamu ya ngamia juu yake. Limeandikwa Hi Jolly. Jina halisi la mtu huyo lilikuwa Haji Ali. Wamarekani lilishinda ndimi zao. Aliletwa mwaka 1856 kutoka dola ya Uturuki pamoja na ngamia, jeshi la Marekani likitaka kuwajaribu kubeba mizigo jangwani. Ngamia walifanya kazi vizuri tu, lakini vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, na baada yake jeshi halikuwataka tena. Waliuzwa, wengine wakaachwa wajitafutie. Haji Ali alibaki, akafia hapo mwaka 1902, na mnara ukajengwa 1935. Dada wa Mombasa alijitanda vizuri mtandio, akamsomea Fatiha. Mzee akavua kofia. Sisi wengine tukasimama kimya, upepo ukipita.

KABLA HAMJALIPA

Kama nanyi mna kikundi, iwe huku au kokote magari haya yalipo, haya ndiyo tuliyojifunza kuuliza:

• Umri. Uliza moja kwa moja, "Mna masharti ya mwaka wa gari? Ni kwa wote au kwa wanaokaa muda mrefu? Picha mnapokea?" Jibu lije kwa maandishi. Anayepokea simu leo si lazima awe getini siku ya kufika.

• Picha. Osha gari, funga turubai, piga mbele, nyuma na pande zote mbili mchana. Risiti za fundi ziweke faili moja.

• Umeme. Magari mengi ya zamani yana plagi ya ampea 30, makubwa ya siku hizi 50. Kwa volti 120 za huku, ya 30 inakupa wati 3,600, ya 50 inafika 12,000 kwa kuwa ina njia mbili. Mwenye 30 akiwasha kiyoyozi, asubiri kidogo kuwasha maikrowevu.

• Ardhi. Changarawe ni salama, nyasi ni nzuri mpaka mvua inyeshe. Gari la tani nyingi kwenye tope ni sherehe imeharibika.

• Njia. Ulizia miti inayoinama, daraja la chini, na mlima mkali. Injini ya kabureta inapungua nguvu kadiri mnavyopanda juu.

• Huduma. Fundi, gesi, maji na hospitali viko umbali gani? Wazee wenu wanatumia dawa gani, na duka la dawa liko wapi?

• Matairi. Hili ni la gari, si la uwanja, ila usilisahau. Ubavuni kuna tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT. Ukiona 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya 2019. Kwenye magari-nyumba tairi huzeeka kabla ya kuisha, na likipasuka barabarani linabomoa hadi sakafu.

NA NYINYI WAWILI

Neno la mwisho ni la ndani. Kama unataka kujua uhusiano wenu umefika wapi, rudisheni gari-nyumba nyuma pamoja, yeye kwenye usukani, wewe nje ukielekeza. Nimeona ndoa zenye watoto watatu zikitikisika kwa dakika tano za "kushoto! kushoto yangu si yako!" Sisi tuna ishara nne za mikono na sheria moja: asiyeniona kwenye kioo asimame. Hakuna kupiga kelele mbele za watu. La kulaumiana, kama lipo, linasubiri mlango ufungwe.

Mume wangu hajaleta tena karatasi za benki. Zile hela ambazo zingekwenda kwenye mkopo tumenunua paneli mbili za jua na matairi mapya, na kiasi tumeweka akiba. Januari ijayo tunarudi La Posa, familia tano sasa, maana wale vijana wa Bujumbura wamewavuta rafiki zao. Hao rafiki wana gari jipya kabisa. Mzee ameshawatumia ujumbe waje mapema, atawaonyesha jinsi ya kukagua paa.